Makabidhiano ya Ijumaa

Mgeni aliingia uani kwa baiskeli isiyo na breki, akasimama kwa kuligonga pipa la maji. Pipa likaanguka, maji yakatapakaa, na ndara za wasichana kumi na mmoja zilizopangwa mbele ya baraza zikaanza kuelea.

"Poleni, wanangu!" akasema kwa sauti kubwa, tena kwa lugha ya nyumbani. "Aliyenikodisha baiskeli aliniambia ina breki. Kumbe breki yenyewe ni mimi."

Wasichana waliziba midomo wasicheke. Bweni lile, kama mengi ya Pare, mji wa kisiwani kwao ambako watu huja kujifunza Kiingereza, lilikuwa na sheria moja kuu: tangu alfajiri hadi adhana ya magharibi, kinywani hakitoki kitu ila Kiingereza, na anayeivunja hupakwa poda. Endah, kiranja wa bweni, alikuja na kopo la poda ya watoto, akampaka yule mama uso mzima kabla hajashusha mzigo wake.

"Ehe! Na wageni mnawakaribisha kwa unga?" akauliza mgeni, kwa lugha ileile.

Akapakwa tena, mpaka shingoni.

Hivyo ndivyo alivyoingia Mama Lasmi, mkunga wa serikali kutoka milima ya Trenggalek, mwenye miaka arobaini na minane na likizo ya wiki mbili. Alitaka kwenda kusomea ualimu wa wakunga ng'ambo, na mtihani wa Kiingereza ulikuwa umeshamwangusha mara mbili. Kusikiliza aliweza, kusoma aliweza. Sarufi ndiyo iliyomwangusha.

Nafasi ya kulala ilikuwa moja tu, chumbani kwa Nastiti.

Nastiti hakufurahi. Alikuwa amemaliza chuo mwaka uliopita, na maombi yake ya ufadhili yalikuwa yamekamilika yote isipokuwa alama za mtihani uleule. Sarufi ilikuwa na maswali arobaini kwa dakika ishirini na tano. Alihitaji kupata thelathini, na kila alipojaribu alipata ishirini na tatu. Mlango wa maombi ulikuwa unafungwa mwisho wa mwezi, kwa hiyo mtihani wa Jumamosi ya wiki ya pili ndio uliokuwa tumaini lake la mwisho. Alitaka kimya. Badala ya kimya akapewa Mama Lasmi, aliyekoroma kama mashine ya kukoboa mpunga.

Tena hawakuunganishwa kwa chumba tu. Kila asubuhi, kabla ya saa mbili, kila mwanafunzi alipaswa kumkabidhi mwenzake kazi ya siku: maswali arobaini, yaliyojibiwa papo hapo mbele ya saa. Mwenzake alisahihisha, akaandika idadi kwenye ubao na kutia saini. Anayekosa makabidhiano hata siku moja, jina lake lilifutwa kwenye orodha ya basi la kwenda kwenye mtihani. Mwenzake Nastiti alikuwa ameondoka juzi kwenda kuolewa, na Endah, bila kuuliza mtu, akaandika jina la Mama Lasmi mahali pake.

Siku ya kwanza Mama Lasmi alijibu maswali kumi na mawili, muda ukaisha. Nastiti aliyajibu yote arobaini, akakosa kumi na saba.

Jioni, adhana ilipokwisha na ndimi zikafunguliwa, wakakaa barazani na sahani ya tempe, vipande vya soya iliyochachushwa na kukaangwa.

"Mwanangu, nikuulize," akasema Mama Lasmi. "Wewe unafukuzwa na nani?"

"Nafukuzwa na saa, Mama. Dakika ishirini na tano!"

"Hata mimi nafukuzwa na saa kila siku. Lakini mjamzito akija kwangu, simwambii 'sukuma' akiwa bado mlangoni. Naweka mikono tumboni kwanza. Kichwa kiko wapi? Mgongo uko wapi? Nikishajua hayo mawili, mikono na miguu haiwezi kunidanganya. Wewe sentensi unaikamata mguu, unavuta."

Nastiti alicheka hadi tempe ikampalia. Lakini kesho yake alijaribu. Kabla ya kutazama majibu, alitafuta kwanza mtenda, kisha kitenzi chake. Kichwa, mgongo. Maneno mengine yote, yaliyokuwa yakimchanganya kwa wingi wake, yakawa vidole tu. Akapata ishirini na sita. Siku ya nne, ishirini na nane.

Naye akamfundisha Mama Lasmi kuliacha swali lisilojibika na kwenda mbele, jambo lililomwuma mkunga yule ambaye hajawahi kumwacha mtu njiani. Kumi na tano. Kumi na saba. Kila siku alipakwa poda walau mara moja, na muuza pecel wa mlangoni, mama wa mboga za kuchemsha kwa mchuzi wa karanga, akamzoea hivyo, akawa anamwita "Bibi harusi".

"Niahidi jambo," Mama Lasmi alisema jioni moja. "Utaipokea kazi yangu mpaka siku ya mwisho."

"Nakuahidi, Mama. Mpaka Ijumaa."

"Hata nikichelewa?"

"Hata ukichelewa," akasema Nastiti, mdomo umejaa wali.

Ikafika Ijumaa. Siku hiyo Mwalimu Priyambodo, ambaye ua wake ulipakana na bweni ingawa lango lake lilifikiwa kwa kuzunguka mtaa mzima, alikuwa na kawaida yake: mara moja tu kabla ya kila mtihani hufundisha yale maswali ya sarufi yanayowashinda wengi. Huanza saa moja, na saa moja na nusu hufunga lango lake. Nastiti alikuwa amekwama kwenye ishirini na tisa kwa siku tatu. Swali moja tu. Aliamini swali hilo limo katika ua ule.

Lakini alfajiri mkwe wa muuza pecel alishikwa na uchungu, barabara ya zahanati ilikuwa chini ya maji ya mvua, na Mama Lasmi alitoka mbio na mkoba wake.

Saa moja kasorobo. Wasichana waliburuta baiskeli zao nje. Wening, rafiki yake Nastiti, akarudi kumwita.

"Bado umekaa? Mtilie saini tu, twende!"

"Jana alipata kumi na tisa. Leo niandike ngapi?"

"Andika ishirini! Atafurahi."

"Ishirini anaitafuta mwenyewe, Wening. Nenda, usichelewe."

"Na yako moja?"

Nastiti alimpungia mkono aende. Alikuwa ameshakabidhi kazi yake kwa Endah mapema, na kiranja aliruhusiwa kushika nafasi ya mwenza mmoja tu kwa siku. Baiskeli yake ilisimama tayari, kitabu kimefungwa nyuma. Mara mbili aliinuka akaushika usukani, mara mbili akaketi. Saa moja na nusu alisikia komeo la lango la jirani likigonga chuma.

Dakika chache baadaye kengele ikalia kichochoroni, na pipa la maji likaanguka tena.

"Wa kike!" Mama Lasmi alipiga kelele kwa lugha ya nyumbani, mikono ikinuka sabuni. "Kilo tatu na nusu, na sauti kama ya muadhini!"

Endah akatokea na kopo lake.

"Endah, mwanangu, mtoto hazaliwi kwa Kiingereza."

Kiranja alisita. Kisha akachovya kidole kimoja, akamgusa nchani mwa pua tu.

Hapo Mama Lasmi akaona baiskeli iliyofungwa kitabu, akaona uwanja mtupu, na furaha ikamtoka usoni.

"Nastiti. Leo si ulikuwa uende kwa Mwalimu?"

"Keti, Mama. Zimebaki dakika ishirini na sita."

Ng'ambo ya ukuta, sauti ya Mwalimu Priyambodo ilipanda na kushuka; kicheko cha wasichana kilisikika, maneno hayakusikika. Nastiti akaugeuzia ukuta mgongo. Akaifungua saa ya mkunga iliyobanwa kifuani pa Mama Lasmi, akaiweka mkekani kati yao, na kwa Kiingereza kilichotulia akamwuliza swali la kwanza: kichwa kiko wapi?