Sabuni kwa Mfungwa wa Jukwaani

Musoma nzima hapakuwa na mtu aliyeupenda ule mchezo kama Ghati wa Makoko. Ulikuwa mchezo wa kuimbwa mwanzo mpaka mwisho: mtemi kaficha chumvi ghalani, watu wake wanakula mboga chapwa, na anayethubutu kuuliza anatiwa gerezani. Ghati aliufuata Bunda juu ya lori la pamba, akaufuata na Butiama. Akisonga ugali anaimba, akiteka maji anaimba, mpaka mumewe Masatu akamwambia, "We mama, si ukaolewe na hao waigizaji tu!"

Mwaka ule wa themanini na tatu sabuni ilikuwa haionekani. Watu walifulia majani ya mpapai. Masatu alikuwa akivuka na mtumbwi upande wa Kenya, anarudi na miche ya sabuni ya magendo chini ya nyavu. Mtaa mzima ulijua, mtaa mzima ulinunua, na midomo ikafungwa.

Siku ya onyesho la ukumbi wa Kitaji, Felisian, aliyeigiza mfungwa, aliimba ule wimbo wa kumuaga mama yake. Ghati alilia. Na kwetu mtu akikukonga moyo jukwaani hukai umekunja mikono. Unainuka, unacheza mpaka alipo, unamtuza. Ghati hakuwa na hela. Kikapuni alikuwa na mche wa sabuni anampelekea dada yake. Jamani! Akauchomoa, akauweka begani kwa Felisian, kweupe, mbele ya wakubwa wa serikali waliokaa viti vya mbele. Mapenzi gani hayo ya kumtoa mtu akili?

Ukumbi ulilipuka kwa vigelegele. Wakubwa nao walipiga makofi. Kesho yake wakaja Makoko kumchukua Masatu. Walipekua nyumba wasikute kitu, mzigo ulikuwa umeshauzwa. Ushahidi wao ukawa ule mche mmoja tu.

Ghati akakimbilia kwa Felisian. "Kaka yangu, sema sabuni ni ya kikundi chenu. Sema mlinipa wenyewe, ni sehemu ya mchezo. Watamwachia."

"Dada Ghati, usilie. Wewe ndiye unatushangiliaga kila mahali. Nitasema."

Siku ya kuhojiwa, mkubwa mmoja alimkumbusha Felisian kwamba kibali cha kikundi kinakaribia kwisha. Kisha akamwuliza sabuni kaitoa wapi. Shujaa wa jukwaani akatazama viatu vyake.

"Kanipa mke wa Masatu," alisema.

Masatu akafungwa. Kikundi kikapata kibali.

Mchezo uliporudi Kitaji, Ghati aliapa haendi, akaenda. Alisimama nje, dirishani. Mtemi hakuwepo tena. Mahali pake alikuwapo mvuvi mmoja wa Makoko, mlafi, anaficha sabuni chini ya nyavu, na Felisian ndiye aliyemwimba, kwa sauti ileile tamu. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, wale wale walionunua sabuni ya Masatu. Ghati alimtukana kimoyomoyo matusi yote ya kwao. Kilichomuuma zaidi ni kwamba wimbo ulikuwa mzuri.

Asubuhi alikuwa anakoroga uji, na binti yake Nyamburi akamvuta kanga.

"Mama, huo wimbo unaoimba si ndio ule wanaomchekeaga baba?"

"Ndio huo," alisema Ghati, na akaangua kilio.