Haki ya Shangazi

Tangu lini Semisi akamfungulia mkewe mlango wa gari? Kalolaine alijiuliza hilo tangu walipoingia ile hoteli ya ufukweni, na kutwa nzima likamkaa rohoni. Mume mwenyewe mkono wa birika, nyumbani hata kiberiti anakificha, leo anamshika kiwiko na kumtembeza duka hadi duka.

"Chagua mke wangu, chagua unachotaka."

"Una nini wewe?"

"Sina kitu. Mwanamume hawezi kumtembeza mkewe?"

"Wanaume wanaweza. Wewe huwezi."

Kwenye duka la vitu vya kusuka, Semisi akainua kiekie, pambo la kufunga kiunoni, lenye nyuzi nyeupe na kombe ndogondogo.

"Kiuno chenyewe kiko wapi?" Kalolaine akamwuliza, huku kashika tumbo lake kubwa. Muuza duka akacheka hadi akainamia meza.

"Utaivaa ukishajifungua," Semisi akasema, tayari anahesabu noti za paʻanga. "Wakati huo utakuwa mwepesi, huna wa kumbeba."

"Sina wa kumbeba? Na mtoto?"

"Namaanisha tumboni, bwana! Mbona unapenda maneno?"

Lakini masikio yalikuwa yameshamgeuka mekundu. Kalolaine akaiona hofu ile, na yeye mwenyewe akaanza kuogopa. Mimba hii aliingoja miaka hadi watu wakaacha kumwuliza.

Mezani waliletewa samaki mbichi aliyelowekwa kwenye ndimu na tui, chakula anachokipenda kuliko vyote. Hakukigusa. Alikuwa anakitazama kiti cha tatu.

"Hicho cha nani?"

Semisi akageuka kutazama bahari, utadhani ndiyo kwanza anaiona. Kisha akainuka ghafla, kwa sababu dada yake mkubwa, Fusi, alikuwa anakuja, kajifunga mkeka wa heshima kiunoni kama mtu anayekwenda msibani. Kwao kaka hali meza moja na dada yake. Semisi huyu huyu, ambaye mila zote huzisahau siku ya kazi, hii aliikumbuka mbio mbio, akaenda kukaa kaunta na kuwapa mgongo. Mwoga mkubwa!

"Wifi," akasema Fusi, akaketi.

"Wifi."

"Mtoto nimeshampatia jina."

"Sawa. Kutoa jina ni haki ya shangazi."

"Na akiacha ziwa nitakuja kumchukua. Mimi sina mtoto, unajua. Kaka ameshakubali."

"Amekubali yeye kama nani? Tumbo analo yeye?" Kalolaine alipaza sauti hadi watalii wakageuka. "Mtoto si nguruwe wa kugawanywa karamuni! Nenda kaombe kwingine!"

Fusi akajivutia sahani ya samaki, akala, akafuta midomo.

"Na Lupe je?"

"Lupe ni mtoto wa kaka yangu."

"Enhee. Na huyo ni wa kaka yangu."

Kalolaine naye alikuwa shangazi. Lupe alimchukua kwa kaka yake Viliami akiwa mchanga, na leo binti yuko shule, anamwita mama. Watu wote aliwaambia, Fusi akiwamo, kwamba Seini, mke wa Viliami, alimtoa kwa moyo mweupe.

"Moyo mweupe!" Fusi akasonya. "Seini alikuja kulia jikoni kwangu, maziwa yanamlowesha gauni. Ulimpa pole hata siku moja?"

"Mila hiyo mbaya, Fusi."

"Imekuwa mbaya leo? Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu! Sikiliza, wifi. Kama shangazi ana haki, huyu ni wangu. Kama hana, Lupe si wako. Huwezi kula huku na huku."

Kalolaine akamtazama mumewe kule kaunta. Mgongo haukugeuka. Mtoto akampiga teke ubavuni, naye akatoa simu kabla ujasiri haujamtoka, Fusi akimtazama.

"Seini, ni mimi. Njoo umchukue Lupe. Mwanao."

"Kafanya nini?"

"Hajafanya kitu."

"Ahaa. Umepata wako, ndiyo unanirudishia wangu."

"Si hivyo, Seini..."

"Ni hivyo! Nitakuja leo hii hii. Ila kumwambia utamwambia wewe, kwa kinywa chako. Mimi sitakusaidia hata neno moja."

Simu ikakatwa. Fusi alikuwa ameacha kutafuna. Hakutegemea kushindwa, na uso wake ulikunjamana kwa chuki.

"Una roho ngumu wewe," akasema. "Kumtupa aliyekuzoea!"

"Mtoto wangu hutampata," Kalolaine akajibu, akainuka.

Akampita Semisi bila kumwangalia, akaenda kukaa garini. Saa ya Lupe kutoka shule ilikuwa imekaribia. Alitafuta neno la kwanza la kumwambia Lupe, na kila alilolipata lilikuwa la uongo.