Aya ya Mwisho ya Kijitabu

Saa tatu asubuhi dereva wa ofisi ya miamba aliitwa ndani kusoma. Ndivyo walivyofanya kazi pale: mtaalamu akiandika kitu cha kusomwa na watu wote, dereva hukisoma kwanza, kwa sauti. Akikwama, sentensi inaandikwa upya. Safari hii ilikuwa historia ya bonde lao, kurasa nne, na mtaalamu mwenyewe, waliyemwita Mama Miamba, alishindwa kutulia kitini kwa furaha.

"Soma, baba, soma!"

Dereva akakohoa. "Zamani sana, kabla hapajawa na mtu, bonde hili lilikuwa bahari."

Maji yakapita chini ya mlango, ya uvuguvugu, yenye chumvi, yakawafika vifundoni. Karani akainua nyaya za kompyuta. Konokono wa aina ambayo haipo tena akapanda mguu wa meza.

"Imeeleweka," akasema karani. "Twende."

Matope yakajilaza tabaka juu ya tabaka, yakawa jiwe. Mlima ukatema moto; wakafungua madirisha. Raha iliyoje! Hata mlinzi aliacha geti akaja kuchungulia, na Mama Miamba alipiga makofi kila aya ilipoisha.

Ya mwisho ilihusu mteremko wa mashariki. "Hapa majivu ya volkano yamekalia udongo wa mfinyanzi. Mvua kubwa ikinyesha, mteremko huteleza. Umeshateleza mara tatu."

Kabati la mafaili likateleza toka ukuta hadi ukuta. Mkuu wa ofisi, aliyekuwa anaingia, akajibana mlangoni likapita.

"Kazi safi sana," akasema. "Ila hiyo ya mwisho itoe. Nyumba za mteremkoni zimeshauzwa zote."

"Moja ni ya dada yangu," akasema dereva. "Anahamia Jumamosi."

"Mpe hongera zangu."

Mama Miamba aligomba mpaka sauti ikamkauka. Kijitabu kilichapishwa kurasa tatu na nusu.

Jumamosi dereva alibeba magodoro ya dada yake, kisha akamwambia kila kitu.

"Kaka, jamani! Miaka kumi na mmoja chumba kimoja na watoto watatu, leo nina funguo mkononi, unaniletea habari za udongo?"

Basi akawasomea. Bahari ikajaa sebuleni, watoto wakarukaruka wakipiga kelele, na dada mtu akacheka hadi akashika mbavu. Kijitabu kilipoisha, dereva akaendelea kwa kichwa, neno kwa neno, ile aya iliyotolewa.

Nyumba ikateremka hatua moja, ikasimama. Dada akafungua mlango. Ngazi ilikuwa imebaki nyuma.

"Hapo nitaweka ubao wa kuvukia," akasema.

"Mjomba, rudia ya bahari!"

Nje manyunyu yalikuwa yameanza. Dereva akafuta uso, akafungua ukurasa wa kwanza.