Jina Limebadilishwa

1.
HATI YA RIDHAA. Ushiriki ni wa hiari. Unaweza kujitoa wakati wowote. Jina lako halitatumika.

2.
Ilisomwa asubuhi. Nani anamsomea teja karatasi asubuhi, kamasi zinamtiririka, arosto ya kukosa unga imemkaba, mifupa inamlia? Mwantumu aliitikia kila mstari kama anaitikia dua, ifike amina aondoke.

Akasaini.

3.
Edna, mtafiti, si mtu mbaya. Alimwambia achague jina la uongo, la kumficha.

"Chiriku."

Edna akaandika, hakuuliza. Mwaka wa tisa huu, maskani yote ya Ngamiani hakuna anayemjua Mwantumu. Wanamjua Chiriku. Hata mumewe anamwita hivyo.

4.
Aliyoyasema Chiriku:
– sindano moja, watu wanne
– wateja wasiotaka kondomu
– majibu ya damu
–

5.
TANGAZO. Wadau wote, wakiwemo mafundi baiskeli wenye vibanda maskani, mnaalikwa ofisi ya kata Jumamosi saa nne kusomewa matokeo ya utafiti.

6.
Alhamisi Sikudhani, mwelimishaji rika aliyempeleka kwa Edna, alimletea nakala ya ripoti. Mwantumu alikuwa na miezi mitano kwenye dozi ya methadoni, dawa ya kuachia unga, macho makavu. Akasoma ukurasa wa kumi na nne:

*"Nina virusi. Mume wangu sijamwambia. Nianzie wapi?" (Chiriku, miaka 31. Jina limebadilishwa.)*

"Shoga, huku ndiko kunificha?"



7.
Wewe unayesoma, sisi ni maskani. Kabla ya hawa walikuja wengine, na kabla ya hao wengine. Walitutoa damu, wakatutoa maneno, wakapanda gari. Sisi tunawakumbuka kwa sura. Wao wanatukumbuka kwa asilimia.

8.
Ijumaa alimfuata Edna, akamwomba maneno yake yaondolewe. Akaambiwa ripoti imeshapigwa chapa, na kamati ya maadili hukutana kila baada ya miezi mitatu.

"Lakini ulisaini, dada."

"Nilisaini naumwa. Imeandikwa wakati wowote. Leo si wakati?"

Akasema atajaribu kuongea na

9.
Jumamosi. Saa tatu na nusu.

Simu ya Edna haipokelewi.

Mhando, fundi baiskeli, mumewe, anapiga pasi shati la mkutano. Anapiga mluzi. Anasema leo watasikia ya mateja wa watu, na yeye amshukuru Mungu, wake amepona.

Mwantumu anafunga mlango kwa ndani.

"Baba Zuwena. Weka pasi chini kwanza."

Anaiweka.

"Nina