Mfuniko wa Tangi

Walimfungia Dada, msichana wetu wa kazi, kwenye stoo, pamoja na mabomba ya baba na ndoo za rangi iliyokauka, mimi nikaambiwa nikae sebuleni na wageni. Stoo na sebule vilitenganishwa na ukuta mmoja. Niliuegemea, nikasikiliza. Hakulia wala hakugonga mlango. Nilisikia nguo zikikamuliwa na maji yakidondoka sakafuni. Alikuwa hajabadili zile alizorukia nazo ndani ya tangi.

Mdogo wangu alikuwa chumbani, amefunikwa shuka. Jina lake halisi lilikaa bure. Sote tulimwita Bonge, kwa kuwa alizaliwa mnene na hakuona sababu ya kubadilika. Alikuwa na miaka mitatu, na kila kitu kilikuwa chake: kijiko changu, mvua yangu, daktari wangu. Siku moja mama alimuuliza, "Na mimi je, ni wa nani?" Bonge akafikiri sana. "Wewe wa baba," akasema. "Baba ndiyo wangu." Mama alicheka mpaka akakaa chini.

Nilikuwa na miaka kumi, na sikulia. Watu walidhani sijaelewa. Nilielewa vizuri, ila ndani yangu palikuwa kama fizi iliyopigwa sindano ya ganzi: unajigusa, unajua ni wewe, lakini hakuna kinachojibu.

Aliyeshika usukani wa nyumba siku ile ni Mama Mkubwa, dada yake mama.

"Yule msichana nimemkanya mara ngapi asichote maji pale?" aliwaambia wageni. "Kafunua, kaacha wazi, kaenda kupiga soga. Nguo zake zimelowa chapachapa. Mnataka ushahidi gani tena?"

Hakuna aliyemjibu kwamba nguo zililowa kwa sababu Dada ndiye aliyeingia kumtoa mtoto. Mama hakuwa na masikio wakati ule. Baba alikaa mlangoni kwenye kiti cha plastiki, akitazama viganja vyake.

Baba alikuwa fundi bomba. Asubuhi ile, nikipiga mswaki uani, nilimwona akiinua mfuniko wa tangi letu la ardhini. Boya la ndani, linalokata maji tangi likijaa, lilikuwa linakwama. Mfuniko wenyewe ulikuwa wa zege, na Dada, kwa wembamba wake, hakuweza hata kuutikisa. Baba alikuwa amepiga magoti, mkono umezama hadi begani, simu yake ilipoita. Kwa mteja fulani bomba limepasuka, maji yanaingia vyumbani. Akainuka, akaziba tundu kwa kipande cha bati, akabeba begi la spana. Aliponiona namtazama akasema, "Nakuja sasa hivi." Nikaenda shule, na saa nne nikaja kuitwa nyumbani.

Kabla askari hajafika, baba alinifuata kwenye korido. Akachuchumaa mbele yangu.

"Umekula?"

"Bado."

"Asubuhi uliwahi shule?" akauliza.

"Niliwahi."

"Vizuri," akasema. Akaniwekea mkono kichwani, mkono wa baridi, akauacha pale muda mrefu kuliko kawaida. Hakuniambia nifiche kitu. Lakini aliponyanyuka nilijua nimeombwa.

Askari alikuja mchana, mtu mzima, mpole. Dada akatolewa stoo. Utotoni nililala mgongoni mwake zaidi kuliko kitandani. Yeye ndiye aliyenifundisha kufunga kamba za viatu, na akiona mjusi alipanda juu ya meza na kunituma mimi nimpige. Sasa alisimama katikati ya sebule yetu kama mgeni aliyekosea nyumba.

"Nani alifunua tangi?" askari aliuliza.

"Nimekuta pako wazi, afande. Nimeona kandambili ya Bonge inaelea."

"Muongo!" Mama Mkubwa alidakia.

Askari akashusha pumzi, akatoa pingu. Dada akanyoosha mikono bila kuambiwa. Ndipo aliponiona. Hakuniomba chochote.

"Sare yako nyingine nimeshaifua," aliniambia. "Uianue, mvua inakuja."

Nilimtazama baba. Nilimwachia nafasi, kama unavyomwachia mkubwa aanze kunawa ndipo nawe unawe. Nilisubiri. Pingu ya kwanza ikabana. Baba hakuinua uso.

"Ni baba," nikasema.

Askari akageuka. "Unasemaje, mwanangu?"

"Baba ndiye aliyefunua. Asubuhi. Alikuwa anaangalia boya, halafu akaweka bati."

Kofi la Mama Mkubwa lilinifikia kabla sijamaliza. Nilisikia mlio wake, maumivu sikuyasikia. "Baba yako mzazi!" alifoka. "Shetani gani amekuingia?"

Mama akainua kichwa kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Hakunitazama mimi.

"Baba Bonge?" akaita, polepole.

Baba akasimama, kiti kikaanguka nyuma yake.

"Mfungueni," akasema. "Mtoto hasemi uongo."

Alitoka na askari kwa miguu yake mwenyewe, na baadaye wakamrudisha. Ilionekana ni ajali, wakalimaliza hivyo. Dada alikaa mpaka tulipozika, akaondoka na begi lake. Mama alimwomba radhi getini. Dada aliitikia, lakini hakurudi tena. Kwa muda mrefu wazazi wangu walizungumza kupitia kwangu. Mwambie baba yako chakula tayari. Mwambie mama yako nimeshiba. Mama Mkubwa naye alinipa jina jipya, akalitumia hadi alipozeeka: "Shahidi, hebu niletee chumvi." Watu walicheka, nami nilileta chumvi.

Mwaka jana baba aliugua, mikono ikawa inatetemeka, nikawa namnyoa ndevu mimi. Siku moja, wembe ukiwa shavuni, akasema, "Siku ile."

Hakuhitaji kutaja ipi. Nikausimamisha wembe.

"Ungesubiri kidogo tu," akasema, "ningesema mwenyewe."

"Najua, baba."

Sikujua. Mpaka leo sijui. Nilimfuta povu lililobaki chini ya sikio, nikamwambia ageuze upande wa pili.