Jua la Tucson Juu ya Mzee Pilarski

Jumanne ya ile wiki ya Desemba ambayo mameneja wote wa besiboli hukutana hotelini kubadilishana watu, Gene Pilarski alikuwa nje ya nyumba yake mtaani Kaisertown, Buffalo, akizoa theluji kwa sepeto. Redio alikuwa ameiweka dirishani, imegeuzwa kumtazama yeye. Majira ya baridi shabiki hana mechi ya kusikiliza, ana habari za usajili tu, na uzoefu ulikuwa umemfundisha kwamba habari za usajili zikisikilizwa mezani huvunja vikombe. Mwenye sepeto mkononi angalau ana kitu cha kupiga nacho chini.

Mtangazaji alianza kwa kusema kwamba Lonnie Abernathy, mtupaji mpira bora wa klabu ya Wapagazi wa Buffalo, alikuwa bado hajapewa mkataba mpya, na kwamba uongozi ulikuwa "unatafakari." Gene akapiga sepeto chini. Kisha mtangazaji, kwa sauti ileile ya kusoma hali ya barabara, akasema Wapagazi wamempeleka Gene Pilarski kwa klabu ya Tucson, na badala yake watapokea mashabiki wawili vijana pamoja na wa tatu atakayetajwa baadaye.

Gene alimalizia kipande cha njia kilichobaki, akakung'uta viatu, akaingia ndani.

"Lorraine, wameniuza."

Mkewe alikuwa jikoni akikunja pierogi, zile sambusa za Kipolandi za kuchemsha. "Nimesikia. Tucson ni jangwa, Gene. Utahitaji kofia ya pama."

Jambo lenyewe lilikuwa na mantiki yake. Wapagazi walikuwa wameshauza kila mchezaji aliyekuwa na mnunuzi, na wengine walikuwa wamewaacha mikataba iishe, wakaondoka wakiwa wachezaji huru bila hata kuambiwa kwaheri. Waliobaki hakuna aliyewataka. Meneja makini akifika hapo hutazama huku na huku aone ana nini kingine, na kilichokuwepo ni mashabiki.

Gene hakuwa na wasiwasi mwanzoni. Sheria za besiboli alizijua. Aliyetumikia ligi miaka kumi, mitano ya mwisho katika klabu moja, hapelekwi popote bila ridhaa yake. Yeye alikuwa shabiki wa Wapagazi tangu enzi za kubebwa mabegani, na yeye na Lorraine walikuwa wamekalia viti viwili vilevile, karibu na kona ya tatu ya uwanja, tangu mwaka waliooana. Akapiga simu klabuni. Akaunganishwa na meneja mkuu, Bryce Kettering, kijana mwenye sauti ya mtu aliyetoka kupiga mswaki.

"Mzee wetu Pilarski! Tunakushukuru sana kwa mchango wako."

"Nina haki ya kukataa, kijana. Miaka yangu unaijua?"

"Tumeihesabu, Mzee. Una miezi miwili."

"Miezi miwili gani?"

"Oktoba, siku msimu ulipoisha, ulipanda juu ya kiti pale baa ya Wanda. Ukasema mbele ya watu, 'Mimi na hawa wezi basi! Kuanzia leo mimi ni mtu huru!' Tuna mashahidi. Keshokutwa yake ukavaa kofia yetu kwenda kununua mkate. Kwa hiyo ulirudi, na tukafurahi sana, lakini hesabu ilianza upya. Na mwaka jana hivyohivyo. Na mwaka uliotangulia, ukiwa juu ya kiti hichohicho."

Kila shabiki wa Buffalo hujiuzulu Oktoba. Ni kama kutoa majani yaliyojaa kwenye mifereji ya paa. Mtu akishamaliza anaingia ndani kunywa chai. Hakuna aliyejua kwamba ilikuwa inahesabiwa.

"Na mke wangu?"

"Bi Lorraine hajawahi kujiuzulu hata mara moja," alisema Kettering kwa heshima ya kweli. "Haki zake zote zimekamilika. Hawezi kuhamishwa bila ridhaa."

"Muulizeni basi! Ataridhia."

"Tatizo ni kwamba Tucson hawajamwomba. Wana nafasi ya kiti kimoja."

Gene aliporudisha simu, Lorraine hakuinua macho kutoka kwenye unga. "Kila Oktoba nakwambia ufunge mdomo," alisema. "Kila Oktoba."

Utaratibu uliobaki ulikuwa mmoja. Biashara ya namna hii haikamiliki mpaka daktari wa klabu inayopokea amkague mtu na kumpitisha. Akipita, huondoka kesho yake, mzimamzima, na moyo wake na kelele zake, na hakuna aliyewahi kurudi hata kuchukua koti. Daktari wa Tucson angefika Jumamosi.

Jumatano hali ya hewa ya Tucson ilitangulia. Ilikuja kama duara la jua, upana wa meza ya chakula, na Gene alikuwa katikati yake. Alipotoka kuchukua gazeti, theluji iliyokuwa ikianguka mtaa mzima ilifika juu ya kichwa chake ikageukia pembeni. Alipokaa, mto wa kochi ulitoa harufu ya mchanga. Alhamisi mpungate mdogo, ule mmea wa miiba wa jangwani, uliota ndani ya ndara yake ya mguu wa kushoto, kwa hiyo akaanza kuvaa ya kulia peke yake.

Majirani walikuwa wastaarabu. Mama wa nyumba ya pili alimwomba asimame kidogo kwenye ngazi zake, barafu iyeyuke kabla mkwewe hajafika. Lorraine alianika soksi nyuma ya kiti chake, na zilikauka kabla kahawa haijapoa. Ilikuwa faida tupu. Lakini usiku, kitandani, alinyoosha mkono kama alivyozoea, akaugusa mgongo wa mumewe, akaukuta unachoma kama ukuta uliopigwa na jua kutwa. Akaurudisha mkono. Gene, ambaye hakuwa amelala, akasogea ukingoni mwa kitanda.

Ijumaa walikwenda kwa Wanda kula samaki wa kukaanga, kama kila Ijumaa. Stas Dudek, rafiki yake Gene tangu shuleni, alikuwa amewawekea nafasi kaunta. Stas hakuwahi kukosa mechi, na hakuwahi kuiona mechi hadi mwisho; bia ya pili ilimlaza, akaamshwa watu wakitoka.

"We Gene, sogea kule!" alisema Stas. "Bia yangu imeshakuwa uji."

"Kaa kimya, Stas."

"Ndugu yangu, mimi nakuonea wivu. Magoti yangu haya yangekuwa Tucson sasa hivi yangecheza polka. Wewe unakwenda mahali pa jua na umenuna kama umetumwa kaburini!"

"Lorraine habebwi."

Stas alimtazama Lorraine, ambaye alikuwa akitoa miiba ya samaki kwenye sahani ya mumewe, jambo ambalo Gene hakulihitaji na hakuwahi kulikataza. Stas akaacha utani kwa muda unaotosha kumeza.

"Basi feli huo ukaguzi," alisema. "Jifanye mgonjwa. Kohoa."

"Daktari hadanganywi na kikohozi."

"Akohoe Kipolandi," alisema Wanda kutoka nyuma ya kaunta. "Wa Tucson atajuaje?"

Walicheka wote, hata Lorraine. Kisha Lorraine akaweka uma chini, akauliza taratibu kama kuna mtu yeyote pale anayejua ugonjwa wowote wa Gene. Watu walifikiri kwa bidii. Mtu mmoja akakumbuka jino. Lilikuwa limeshang'olewa.

Jumamosi Daktari Ofelia Carranza alifika kwa teksi, akiwa na begi na koti jembamba mno. Alimkagua Gene kwenye meza ya chakula, iliyofunikwa kitambaa safi. Alipima presha, akaitikia kwa kichwa kwa kuridhika. Akagonga magoti, yakaruka. Akamwambia asome maandishi madogo kwenye kopo la kabichi, Gene akayasoma mpaka anwani ya kiwanda. Miaka yote ile ya kuzoa theluji kwa hasira ilikuwa imemjenga kama farasi.

Lorraine alisimama mlangoni akikamua taulo la jikoni lililokuwa kavu.

"Hongera, Mzee Pilarski," alisema daktari. "Una mwili wa mtu aliyetunzwa. Nisikilize moyo tu, tumalize."

Akaweka stethoskopu kifuani. Akaihamisha kidogo kushoto. Akakunja uso, akafumba macho, akabaki hivyo mpaka soksi zilizokuwa nyuma ya kiti zikaanza kunyauka. Ndani ya nyumba ilisikika sauti ndogo, kama barafu ya ziwani mtu anapoikanyaga mapema kabla haijakomaa.

"Umepasuka," alisema daktari.

"Nini kimepasuka?" aliuliza Lorraine, na taulo likaanguka.

"Moyo. Njoo usikilize, mama. Hapa upo ufa mmoja mrefu sana, umejiunga wenyewe, umejiunga vibaya."

"Huo ni Cobb Whitaker," alisema Gene, akitazama dari. "Alikuwa mtupaji wa mkono wa kushoto. Mkataba wake uliisha, hawakumpa hata ofa. Akaondoka mchezaji huru, akaenda kuwatwalia kombe watu wengine."

"Na huu unaopinda?"

"Huo ni siku mmiliki aliposema hii ni klabu ya kujenga kwa ajili ya baadaye. Nilikuwa na miaka arobaini."

"Na hizi ndogo ndogo, kama za kikombe?"

"Hizo ni za Septemba. Huja kila mwaka."

Daktari Carranza aliomba simu, akaiweka mezani ili wote wasikie. Kettering aliitika palepale.

"Bwana Kettering, moyo wa mtu wako una nyufa kila upande."

"Haiwezekani. Sisi tunamtoa akiwa mzima."

"Mara ya mwisho mlimpima lini?"

Kwa mbali, upande wa pili, Kettering alisikika akimuuliza mtu, na mtu huyo akimuuliza mwingine.

"Hatujawahi kumpima," alisema Kettering mwishowe, bila ubaya wowote. "Hakukuwa na sababu. Kila mwaka alikuwa anarudi."

"Tucson haipokei moyo uliopasuka," alisema daktari. "Kule kuna joto, utafunguka wote wiki ya kwanza. Biashara imevunjika."

Kettering alisema ni bahati mbaya, akamtakia kila mtu Krismasi njema, akakata.

Lorraine alikaa kwenye kiti cha karibu, ambacho hakikuwa cha kukalia bali cha kuwekea magazeti. Alicheka, akajifuta macho, akacheka tena. Kisha akamlazimisha daktari ale pierogi, na daktari akala sahani nzima na kuomba ya njiani. Teksi ilipopiga honi alikusanya vitu vyake, akafunga begi, na jua likajitoa juu ya kichwa cha Gene likamfuata kwa adabu, likishuka ngazi moja baada ya nyingine. Liliingia naye kwenye teksi. Kioo cha nyuma kilionekana kiking'aa mpaka kona ya Mtaa wa Clinton.

Gene alitoka nje bila kofia. Theluji ilimwangukia kwenye upara, kwenye nyusi, ndani ya kola, naye akasimama tu, kama mtu aliyeingia bafuni mwake baada ya safari ndefu. Lorraine alimfuata na ndara. Akamwekea kiganja shingoni.

"Baridi," alisema.

Hakukiondoa.

Klabu haikuwa na kinyongo. Wiki iliyofuata ilimpeleka Tucson Stas Dudek. Daktari Carranza aliusikiliza moyo wake akaukuta laini kama sahani mpya, maana kila jambo la kuuvunja lilikuwa limetokea yeye akiwa amelala. Stas aliondoka akicheka, akimtaka Gene amwangalizie nyumba, na kutoka Tucson hutuma sanduku la machungwa pamoja na taarifa za magoti. Wale vijana wawili walikuja badala yake, wamevaa kaptura, wakapewa makoti kanisani. Wa tatu naye alikuja, ingawa mpaka leo hajatajwa. Hukaa kwenye kiti cha Stas kwa Wanda, uso wake haujaamua bado ufanane na nani, na watu humwita "Wewe." Ni mtu mpole. Oktoba walimkataza asipande juu ya kiti.

Mpungate ulibaki ndani ya ndara. Lorraine aliuhamishia dirishani, ndara na vyote.

Lakini hilo la Oktoba lilikuwa baadaye. Mwishoni mwa Januari, Gene alikuwa nje akizoa theluji, redio ikiwa dirishani. Mtangazaji akasema uongozi umemaliza kutafakari. Lonnie Abernathy ameuzwa, na Wapagazi watapokea vijana watatu wenye vipaji, ambao mmoja wao yuko darasa la mwisho la sekondari. Kettering akasikika, sauti safi kama kawaida, akiwaomba mashabiki subira.

Gene hakupiga sepeto chini. Alisimama akiwa ameweka kiganja kifuani.

Dirisha la jikoni likafunguka. "Gene! Hiyo sauti ni wewe au ni barafu ya paa?"

"Ni mimi."

"Ufa mkubwa?"

Gene alisikilizia kidogo, akaufuata kwa kidole kutoka juu kushuka chini. "Mkubwa."

"Afadhali," alisema Lorraine, akashusha pumzi, akafunga dirisha. Kisha akainua simu kuwaambia klabu kwamba vile viti viwili karibu na kona ya tatu, mwaka huu pia, wawawekee.