Uso Kwanza, Macho Baadaye

Kila Jumamosi saa nne asubuhi, Mtaalamu alifuta meza ya kulia chakula, akaegemeza simu kwenye pakiti ya sukari, akapanga askari wa plastiki wenye urefu wa kidole gumba, wale wa mchezo wa vita wa mezani, kisha akawaambia watazamaji wake elfu arobaini, "Hawa nimewapaka rangi mimi mwenyewe."

Aliyewapaka ni dada yake. Alikuwa fundi wa miwani, mwenye mkono usiotetemeka, na akitoka kazini aliketi chumba cha nyuma na brashi nyembamba mpaka chakula kikapoa. Mtaalamu hakuwahi hata kufungua kopo la rangi. Alichokuwa nacho ni mdomo, na mdomo huo, lazima tuseme ukweli, ulikuwa wa hali ya juu.

Dada hakutaka makubwa. Alitaka jina lake litajwe, mara moja tu, mbele ya watu.

"Mwache mdogo wako," mama yao alisema. "Yeye ndiye anayejua kuongea. Wewe utasema nini?"

Kila aliposema "mimi mwenyewe", Mtaalamu alipungua urefu kwa upana wa kidole. Nyumbani hawakulifanya jambo kubwa. Mama alimpunguzia suruali, halafu mashati, halafu akamwekea mto kitini. Watazamaji waliona uso tu, na uso ulikuwa na uhakika uleule.

Siku moja mtazamaji akauliza sura inapakwaje. Kila mpakaji anajua: macho hutangulia, uso hufuata, ili jicho likivuka mpaka, rangi ya ngozi ifunike kosa. Na rangi huchanganywa na maji, ikapakwa nyepesi, mara mbili. Mtaalamu hakumwuliza dada yake. Angeulizaje, na yeye ndiye mtaalamu? Akajibu bila kumeza mate: "Uso kwanza, macho baadaye. Rangi nzito, mara moja, umemaliza."

Wiki ile picha za askari wenye makengeza zilimiminika kutoka kila upande. Jumamosi iliyofuata Mtaalamu alisogea karibu na simu, akaweka mkono kifuani.

"Ndugu zangu, nisameheni. Yale maelekezo alinipa dada yangu. Nilimwamini."

Ndivyo alivyotajwa. Dada alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha kusuuzia brashi. Hasira ikampanda hadi masikioni, naye akaiacha ipande. Siku hiyo Mtaalamu alipungua kwa mkupuo mmoja. Mama alimkuta chini ya kiti, ana urefu wa kidole gumba, anahangaika kutoka ndani ya shati lake.

"Dada," alisema kwa sauti ya mbu. "Kwenye kamera nitaonekana nimepauka. Nipake basi."

"Sema kwanza ni nani anayepaka."

Akafikiri kidogo. "Nikisema hivyo leo, watu watanionaje?"

"Sawa, mdogo wangu. Nitakupaka kama ulivyofundisha."

Alimgandisha miguu kwa gundi juu ya kibao. Akaanza na uso. Rangi hakuitia hata tone la maji. Ilipofika mdomoni ilijaa, ikatulia, ikakauka, na mdomo ukapotea kabisa. Pua alimwachia. Macho aliyaweka mwisho, moja likatazama dari, jingine kabati la vyombo. Alifanya kazi hiyo polepole, na moyo wake ulifurahi, tena sana, wala hakujificha.

Jumamosi iliyofuata, saa nne, Mama alifuta meza, akaegemeza simu kwenye pakiti ya sukari, akamweka mwanawe katikati ya askari wengine. Dada akaja mbele ya simu. Akataja jina lake lote, mpaka la babu.

"Ninayepaka ni mimi," alisema. "Hawa wote. Na huyu pia."

Mama alivaa miwani, akasoma maoni kwa sauti.

"'Huyu dada aondoke, anamziba Mtaalamu.' 'Leo kanyamaza, lakini kazi inajieleza.' 'Kaka, hayo macho umeyapaka mwenyewe? Tufundishe.'"

Akafuta machozi ya furaha.

"Umeona? Hebu sogea, mwanangu, wamwone vizuri."

Dada akasogea.